Lady Be Good: tuwaongelee wale tisa, hii stori ya laana tuiweke pembeni

Jamani asanteni kwa kuja, naingia moja kwa moja maana muda wenyewe mdogo. Najua wengi mshaisikia stori ya ndege ya laana ya jangwa la Libya, kwamba kila waliochomoa kipuri chake wakakifunga kwenye ndege nyingine basi na hiyo nyingine ikapata balaa. Mi leo nataka tuwaongelee watu waliokuwemo ndani, kwa sababu kwenye hiyo stori hawamo kabisa na hilo linaniuma sana.

Ndege ni ya Wamarekani ya kudondosha mabomu, aina ya B-24, imepewa jina Lady Be Good. Tarehe 4 Aprili 1943 mchana iliruka kutoka Soluch, karibu na Benghazi, kwenda kupiga bandari ya Naples kule Italia. Watu tisa, rubani Hatton, msaidizi wake Toner, mwongoza njia Hays, na wenzao sita, na hiyo ndo ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita kama timu. Dhoruba ya mchanga ikawachelewesha, giza likaingia, ikabidi wageuze. Usiku wa manane Hatton akaita Benina, uwanja wa ndege karibu na Benghazi, kwa redio aombe uelekeo, akapewa.

Sasa hapa ndo pana ubishi wa kweli na ndo pa kukaa. Antena ya Benina ilikuwa inasoma mstari tu, haisomi upande, ni sawa na kumulikwa na tochi gizani halafu hujui anayekumulika anakuja au anaondoka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba walidhaniwa bado wako baharini wakati walishaivuka pwani, na usiku ule baharini na jangwani kote ni weusi mtupu. Wapo wanaomtupia Hays lawama zote. Mi naona tunamuonea, ni kijana kwenye kazi yake ya kwanza, haoni chini, na uelekeo aliopewa unamwambia endelea tu.

Wakaendelea kama masaa mawili zaidi kuelekea kusini, mafuta yakakata, saa nane usiku wote tisa wakaruka na parachuti. Ndege ikaenda peke yake ikajilaza kwa tumbo kama kilomita 26 mbele. Ikakaa hapo mpaka 1958 watafuta mafuta walipoiona kutoka angani. Waliofika kwa miguu 1959 wakakuta maji yamo, redio inafanya kazi, bunduki zinapiga, ila binadamu hakuna hata mmoja.

Wanane walikuwa wamekutana kule chini. Wa tisa, John Woravka, hawakumuona, parachuti yake haikufunguka vizuri, hilo lilikuja kujulikana 1960. Wakaanza kutembea kaskazini magharibi wakiamini bahari iko karibu, kumbe iko mamia ya kilomita. Toner alikuwa na kishajara cha mfukoni na kalamu ya risasi, akawa anaandika kila siku mistari miwili mitatu: nusu chupa ya maji kwa watu wanane, kifuniko kimoja kwa siku kwa kila mtu, usiku baridi kali hakuna kulala, macho yanauma, bado John haonekani. Tarehe 9 watatu, Shelley, Ripslinger na Moore, wakatangulia kutafuta msaada. Mstari wa mwisho ni wa tarehe 12, kwamba msaada bado na usiku ulikuwa baridi sana. Siku nane jamani! Wataalamu walikuwa wanasema kwenye jangwa lile mtu hamalizi siku mbili bila maji, na hawa watano wakakutwa wametembea zaidi ya kilomita 100, Shelley na Ripslinger wakaenda mbele zaidi ya hapo.

Turudi kwenye laana. Mfano unaopendwa ni wa Otter, ndege ndogo ya jeshi iliyoanguka Ghuba ya Sidra, inasemwa ilikuwa na kiegemeo cha mkono kutoka Lady Be Good. Kiegemeo cha mkono! Kinaizimaje injini? Ndege za miaka ile zilikuwa zinaanguka nyingi tu, na zile ambazo hazikuwa na kipuri chochote cha Lady Be Good hakuna aliyezihesabu.

Moore mpaka leo hajatambuliwa popote, ndo pekee kati ya tisa ambaye familia yake haikupata cha kuzika. Haya, karibuni maswali, na yule dada aliyeuliza mlangoni kuhusu ile antena naanza na wewe.