Kuweka Vali ya Usalama: Tazama Paipu Kwanza

Walimu wenzangu, nanyi vijana wa mitambo, hamjambo. Kutoka hapa Kisumu baadhi yenu mtaangukia Muhoroni au Chemelil, penye boila za sukari na matangi ya spiriti. Vali ya usalama, ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi, ikikataa kazi, lawama huangukia springi inayoifunga. Mimi nawaambia tazameni paipu kwanza.

Anzeni chini. Paipu ya kutoka tangini hadi kwenye vali iwe fupi, na upana wake usipungue ule wa mdomo wa vali. Wahandisi wanataka presha inayopotea humo, vali ikiwa wazi, isizidi asilimia 3 ya presha ya kufungukia. Vali inayofunguka kwa bar 10 (bar ni kipimo cha presha), basi, ina ruhusa ya bar 0.3 tu. Paipu ikiwa nyembamba, vali hufunguka, gesi hutoka kwa kasi, presha chini yake huanguka, nayo hujifunga. Lakini tangini presha bado imejaa, kwa hiyo inafunguka tena. Itagongagonga hivyo upesi upesi mpaka kiti chake, pale inapokalia ikijifunga, kiharibike. Fundi akisikia kelele hiyo anasema vali mbovu, analeta mpya, anaiweka pale pale!

Na koki kati ya tangi na vali? Siipendi. Kanuni huiruhusu kwa masharti: ikae wazi, itiwe kufuli au lakiri, na ufunguo awe nao mtu anayejulikana. Maana vali ikianza kuvuja saa nane za usiku, mkono wa kwanza utakwenda kwenye koki hiyo.

Paipu ya kutolea nayo iwe na nguzo zake; vali haibebi mzigo. Kwa mvuke na hewa, toboeni tundu la kutolea maji sehemu ya chini kabisa, mvua za huku mnazijua. Kwa gesi ya sumu, swali ni moja: itatemewa wapi? Kule Bhopal, India, kwenye kiwanda cha dawa za wadudu, Desemba 1984, vali ilifunguka. Lakini mtambo wa kusafisha gesi haukuwa tayari, na mnara wa kuichoma ulikuwa umetenganishwa na paipu yake. Sumu ikaingia mitaani, na maelfu wakafa.

Mengine ni ya mkono tu. Vali isimame wima, isibebwe kwa wenzo wake, vifuniko vya plastiki vitolewe. Mkishapima tangi kwa maji, kishikizo kilichoizuia vali isifunguke kiondolewe siku hiyo hiyo.

Na vali zile zenye mvukuto ndani, yaani bomba laini la chuma lenye mikunjo, zina tundu dogo ubavuni. Msilizibe, hata likionekana kama limesahauliwa na kiwanda: likizibwa na mvukuto ukatoboka, vali haitafunguka kwenye presha iliyopangiwa. Nyigu nao hulipenda kwa viota vyao vya udongo. Kwa hewa au mvuke, lifungieni kipaipu kinachotazama chini, chenye wavu mdomoni. Kwa gesi ya sumu, kipaipu hicho kipelekwe mbali na watu.