Kurudisha Mwanga wa Taa za Mbele za Subaru Impreza ya Zamani

Karibuni, ndugu watazamaji. Gari mnaloliona hapa uani, mjini Kampala, ni Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili, aina iliyoundwa kati ya mwaka 2000 na 2007, na tatizo lake linaonekana hata kabla hatujawasha chochote: taa za mbele zimeota ukungu wa manjano. Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipozuia kuingiza nchini Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, gari la namna hii likichakaa huwezi tena kuagiza jingine la miaka hiyo kutoka Japani, kwa hiyo yaliyopo hatuna budi kuyatunza. Tena sisi tulio jirani na ikweta tunaingiwa na giza karibu saa moja jioni mwaka mzima, wakati barabara bado zimejaa bodaboda na watu wanaotembea kwa miguu, na hao ndio wanaoumia kwanza dereva asipoona.

Kabla ya kushika msasa, tafuta kwanza mwanga unapotelea wapi. Mimina maji safi juu ya taa na uitazame ikiwa bado imelowa. Ikiwa inang'aa kama mpya kisha ikarudia ukungu inapokauka, ubovu uko upande wa nje, kwa maana maji yamejaza mikwaruzo midogo kwa muda, na kazi ya leo itakufaa. Ikiwa ukungu unabaki palepale, ubovu uko ndani: ama unyevu umeingia, ama ile sahani ya rangi ya fedha inayorudisha mwanga imebabuka, na hapo msasa hautasaidia. Vilevile, kama gari lako ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza au Toyota MR2 ya miaka ya 1990, zenye taa zinazoinuka kutoka kwenye boneti, kioo chake ni kioo halisi na hakihitaji kusuguliwa. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya umeme.

Tunachokiita kioo kwenye Impreza hii ni plastiki ya polikaboneti, ambayo haivunjiki kwa urahisi lakini hukwaruzika upesi na kugeuka manjano kwa jua, ndiyo maana kiwandani huvikwa utando mgumu wa kinga. Jua la Kampala, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200, pamoja na vumbi la marramu, huumaliza utando huo. Kazi yetu ni kuuondoa wote na kuweka mwingine. Nasisitiza jambo hili kwa sababu gari langu la kwanza lilisuguliwa na fundi mmoja kwa dawa ya meno, likang'aa siku ile, na baada ya wiki chache taa zilikuwa na ukungu kuliko mwanzo. Kusugua bila kuweka kinga mpya ni kuiacha plastiki uchi juani.

Sasa tuanze. Osha taa kwa maji ya sabuni, zikaushe, kisha bandika tepu ya karatasi kuizunguka kila taa, tabaka mbili au tatu juu ya rangi ya bampa na boneti, kwa kuwa msasa ukiteleza mara moja tu utakuwa umejiongezea kazi ya kupiga rangi.

Chukua msasa wa maji namba 800 ikiwa utando wa zamani unabanduka vipande vipande kama hapa, au namba 1000 ikiwa ni ukungu tu. Uloweke kwanza, uuzungushie kipande cha sponji, na usugue kwa kwenda kushoto na kulia, ukiongeza maji kila wakati. Tazameni maji yanayotiririka: mwanzoni ni ya manjano yaliyochafuka, na hiyo ndiyo dalili kwamba utando unatoka. Endelea mpaka yawe meupe kama maziwa na usione tena ukingo wa utando wa zamani popote. Taa itaonekana mbaya kuliko ulivyoianza. Usiogope, na wala usifupishe hatua hii, kwa sababu kisiwa kimoja cha utando ulioachwa kitaonekana mpaka mwisho. Kisha shika namba 1500 na usugue kwa kupandisha na kushusha, ili mikwaruzo ya awali iliyolala iwe rahisi kuitambua. Ikisha kutoweka yote, hatua hiyo imekamilika.

Hapa njia zinagawanyika. Ukikusudia kupuliza klia ya magari, yaani vanishi angavu isiyo na rangi, ile inayochanganywa na hadna (dawa ya kuigandisha iwe ngumu), ishia namba 1500, kwa kuwa klia huhitaji mikwaruzo myembamba ya kushikia, nayo yenyewe huijaza. Ukikusudia kupaka dawa ya kinga kwa kitambaa, endelea na namba 2000, halafu 3000, kisha ung'arishe kwa kampaundi, yaani dawa nzito ya kung'arishia, mpaka iwe angavu kabisa. Mimi nachagua klia, kwa sababu hudumu muda mrefu zaidi, lakini hakikisha ni ile yenye kinga dhidi ya miale ya jua.

Futa taa kwa spiriti safi ya isopropili na uiache ikauke. Usitumie thina wala petroli, kwa sababu polikaboneti hupasuka nyufa nyembamba zisizotibika. Hadna ya klia hii ina kemikali zinazodhuru mapafu, kwa hiyo fanyia kazi nje, asubuhi isiyo na upepo wala mvua, ukiwa umevaa barakoa ya wapiga rangi yenye vichujio. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Puliza tabaka mbili nyepesi, ukingoja takribani dakika kumi kati yake, kisha moja iliyolowa vizuri, na uiache bila kuigusa wala kuiosha hadi kesho.

Wakati klia inakauka, nenda kwenye umeme. Maelezo haya ni ya balbu za halojeni. Ikiwa gari lako lina taa za zenoni, usipime nyaya zake, kwa maana zinapowashwa hupokea zaidi ya volti 20,000. Kwa halojeni, washa injini na taa, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye kichwa cha balbu. Tofauti ikizidi nusu volti, safisha viungio na hasa ethi, mahali waya unapofungwa kwenye bodi, kwa sababu volti zikipungua kwa asilimia 10 mwanga hupungua kwa takribani asilimia 30. Balbu iliyopiga weusi ndani ibadilishwe pamoja na mwenzake, bila kugusa kioo chake kwa vidole. Usidanganyike na balbu ya wati 100, kwani huyeyusha holda, wala balbu ya LED ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni, ambayo mara nyingi hutawanya mwanga machoni mwa anayekuja mbele.

Ukilazimika kununua taa nzima iliyotumika pale Kisekka, soko la vipuri vya magari hapa Kampala, uliza ilitoka kwenye gari la usukani upande gani. Uganda na Japani huendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wa dimu, yaani ule wa chini wa kupishana na magari, lazima uinuke kidogo upande wa kushoto; taa ya gari la usukani wa kushoto hufanya kinyume na kumpofusha mwenzako.

Kesho jioni, egesha gari kwenye ardhi tambarare, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sahihi na dereva akiwa amekaa kitini. Weka alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa, na nyingine sentimita 10 chini yake. Funika taa moja, washa dimu, na uzungushe skrubu ya nyuma ya taa mpaka ukingo wa juu wa mwanga ulale juu ya alama ya chini. Hamisha kifuniko, ufanye vivyo hivyo kwa taa ya pili.