Kuuza Nyumba Bila Dalali: Mazungumzo na Wastaafu

Shikamooni wazee wangu. Mwenyekiti wenu amenionya nisiwacheleweshe chakula, na pilau nimelinusa tangu getini, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe. Mimi ni wakili, na kesi zangu nyingi ni za ardhi hapa hapa Dar es Salaam. Swali mliloniitia ni hili: watoto wameshaondoka, nyumba imekuwa kubwa kwa watu wawili, mtu anataka auze arudi Singida au ajenge kijumba Kibaha. Je, ni lazima apite kwa dalali?

Si lazima. Hakuna sheria inayokuzuia kuuza nyumba yako kwa mkono wako. Ila msishangilie mapema. Ukimwondoa dalali, kazi yake haiondoki naye, inahamia kwako. Sasa tuiangalie hiyo kazi ni ipi.

Wengi hudhani kazi ya dalali ni kutafuta mteja. Zamani, labda. Leo picha za nyumba zinazunguka Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, mjukuu wako akizipiga vizuri asubuhi, jioni simu zinaita. Kazi ngumu ya dalali ni kukaa katikati ya watu wawili wasioaminiana. Na mji huu kutoaminiana kumejaa. Piteni Tabata, piteni Mbezi, mtakuta kuta zimeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Hebu fikirini, mwenye mali analazimika kuutangazia umma kwamba hauzi! Katika mji kama huo, wewe unayeuza kweli unaanza ukiwa mshukiwa. Mnunuzi anayebisha hodi kwako hamwoni mwalimu mstaafu mwenye heshima zake. Anajiuliza kama huyu si mpangaji aliyejifanya mwenye nyumba. Dalali humtoa wasiwasi kwa maneno, na maneno anayo. Wewe utamtoa wasiwasi kwa karatasi.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Kwa sababu ya hela, tusifichane. Madalali wetu hudai asilimia 5 ya bei, wengine hadi 10. Kwenye nyumba ya milioni 100 hiyo ni milioni 5 hadi 10. Halafu kuna cha juu. (Kicheko.) Naona mnakijua. Wewe umemwambia unataka milioni 90, yeye kwa mteja anataja 110. Ile 20 huioni, na kamisheni yako anaidai vilevile. Ubaya wa cha juu hauishii kwenye hela. Mnunuzi mwenye milioni 95 mkononi, ambaye mngekubaliana naye siku hiyo hiyo, alishageuzia njiani kwa sababu aliambiwa 110. Wewe unakaa mwaka mzima ukilalamika soko limelala.

Haya, karatasi. Kabla hujapiga picha hata moja, toa hati yako kabatini uisome. Ndiyo, uisome, wengi hawajawahi. Angalia jina. Angalia muda. Hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kwa maana ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na wewe una haki ya kuitumia kwa muda huo. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1990 iliisha 2023. Mzee anatangaza "hati safi" kumbe hati imeshalala. Hati hiyo huhuishwa kwanza ofisi ya Ardhi, ndipo utafute mteja.

Kisha fanya upekuzi wa kiwanja chako mwenyewe kwa Msajili wa Hati, yaani uombe taarifa rasmi ya yaliyoandikwa juu yake. Najua mtaniuliza, nijipekue mwenyewe kwa nini? Kwa sababu mnunuzi makini atafanya upekuzi huo, na mambo yaliyosahaulika hujitokeza hapo: mkopo uliolipwa zamani lakini rehani haikufutwa, au zuio alilowahi kuweka ndugu mmoja mkiwa mnagombana. Ni heri uyakute wewe, uyamalize, ndipo umpe mteja namba ya kiwanja na kitalu aende mwenyewe. Namba mpe. Hati halisi usimpe, na nakala usizigawe kama peremende. Matapeli hutengenezea hati bandia kwa hizo hizo.

Jina likiwa la marehemu, simama hapo hapo. Hata kama wewe ndiye mtoto wa kwanza na ndugu wote wamekukubali kwenye kikao cha arobaini, huwezi kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye atakayesaini. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu.

Na jina likiwa lako peke yako, baba, mama yumo vilevile. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai. Ridhaa hiyo iandikwe, isainiwe mbele ya wakili. Nimeona mauzo mengi yakifia hapa kuliko kwenye bei. Tena wakati mwingine mama hakatai kuuza. Amekasirika kwamba alisikia habari kwa jirani.

Kwa walio kwenye maeneo yasiyopimwa, au yaliyopimwa kwenye urasimishaji ila hati haijatoka, karatasi zenu ni mkataba mliponunua, leseni ya makazi kama ipo, na majirani wa pande nne wanaojua mpaka. Wapitieni mapema majirani hao. Serikali ya mtaa itashuhudia, sawa, kushuhudia kunasaidia. Lakini ile "asilimia 10 ya ofisi" mnayoambiwa mtoe ya bei ya nyumba, hakuna sheria inayoidai. Ukidaiwa, omba risiti ya serikali yenye namba ya malipo, utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Bei. Hapa wastaafu mnanipa tabu. Mtu anajumlisha kila mfuko wa saruji tangu 1994, anaongeza jasho, anaongeza na uchungu wa kuondoka, anapata milioni 200. Mnunuzi hanunui jasho lako. Ananunua eneo, njia ya gari, maji, na hati. Mlipe mthamini aliyesajiliwa aje apime. Ripoti hiyo haipotei, kwa kuwa thamani ya nyumba, ikishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, ndiyo inayotumika wakati wa kuhamisha umiliki na kukadiria kodi. Ukishaipata, weka moyoni bei unayotaja na bei ya mwisho, na hiyo ya pili asiijue hata shemeji.

Tangazo nalo. Yaliyo mengi yanasomeka hivi: "Nyumba inauzwa, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, daining, jiko, stoo, bei maelewano." Nyumba laki moja za mji huu ziko hivyo. Mwenye kuuza mwenyewe aandike yale ambayo dalali hayajui au hataki yajulikane. Ukubwa wa kiwanja kwa mita za mraba. Hati ya miaka mingapi, imebaki mingapi. Maji ya DAWASA yanatoka siku zipi. Umbali hadi lami. Kama masika maji hayaingii uani, sema, na umwalike mteja aje mwezi wa nne mvua ikinyesha. Kama yanaingia, usifiche. Wanunuzi wajanja hupita kwanza gengeni kwa mama muuza nyanya wakauliza kabla ya kufika getini kwako, na mama yule hana sababu ya kukudanganyia. Bei itaje. Ukimaliza ongeza: "Anauza mwenyewe." Madalali watapiga tu, lakini nao ni watu, wajibuni kwa adabu.

Wageni wakianza kuja, msiwapokee peke yenu, wala usiku. Mwambie anayekuja ataje jina na aje na kitambulisho, husemi hivyo kwa ubaya, ndiyo mji. Na kujadiliana bei, nitasema jambo ambalo si la kiwakili: hapa dalali anatushinda. Mnunuzi akisema "jiko lenyewe hili ni la kizamani", dalali anacheka. Mama aliyepika humo miaka thelathini anapandisha presha, anakataa milioni 95 kwa hasira. Kama unajijua, mweke mtoto wako au mpwa aongee, wewe uwe chumbani.

Mmekubaliana? Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Ardhi ya 1999 haitambui mauziano ya mdomo. Wewe uwe na wakili wako na yeye wake. Fedha zipite benki, na ujumbe wa simu kwamba "muamala umekamilika" si fedha. Fedha ni salio ulilolithibitisha mwenyewe benki. Hati halisi ikae kwa wakili kwa masharti yaliyoandikwa, itoke bei yote ikishaingia. Kwa nyumba yenye hati mtajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35: taarifa, maombi ya kibali, na uhamisho. Asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi kwetu isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo yule mteja mzuri, mwenzetu anayeishi Ulaya, muulizeni mapema kama bado ana pasipoti ya Tanzania.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni yako wewe muuzaji, na bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato, TRA, Msajili hahamishi jina. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, si ya bei. Nyumba uliyoimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, faida isipozidi milioni 15, haitozwi. Sasa sikilizeni habari ya risiti. Umetumia milioni 90, umeuza 100, faida ni 10, umeishi humo miaka ishirini: kodi hakuna. Lakini risiti za bati na nondo ulishawashia moto. Utathibitishaje hiyo 90? Kwa mabadiliko ya 2023, asiye na kumbukumbu za gharama hukadiriwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Milioni 3 zimeondoka kwa ajili ya karatasi za dukani. Ushuru wa stempu, kama asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi, ila muuandike kwenye mkataba.

Maswali, tafadhali.

Mzee wa mstari wa mbele: *Mwanangu, nimempata mteja mwenyewe, sasa dalali wa mtaani anasema ni yeye aliyempitisha.*

Mzee wangu, kama kweli alimleta, mlipe, tena mkubaliane kwa maandishi ni kiasi gani. Kumzunguka mtu aliyekufanyia kazi ni dhuluma, na atakuharibia kwa mteja kabla hujasaini. Kama alimwonyesha tu njia ya kuja kwako, mpe ya soda.

Mama wa nyuma: *Mteja amelipa nusu, anaomba ahamie wakati anatafuta nyingine.*

Asihamie, mama. Akishaweka kitanda ndani, kumtoa ni kesi, na wewe utakuwa mdai unayemsubiri aliyekwisha pata alichotaka. Mwongezee muda kwenye mkataba kama unamwamini, lakini funguo zibaki kwako. Siku ya kukabidhi, baada ya bei yote kuingia, piga picha ya mita ya maji, lipa bili hadi siku hiyo, na angalia kwenye LUKU kama kuna deni la kodi ya majengo, maana tangu 2021 inakatwa humo mnaponunua umeme. Andikeni hayo yote kwenye karatasi moja, msaini wawili, ndipo umpe funguo.