Mahitaji ya Mfumo Hayakai Kwenye Dodoso Pekee

Ndugu mwenyekiti, ndugu wachambuzi wa mifumo,

Mada niliyopewa ni kukusanya mahitaji, yaani kujua mfumo wa kompyuta unapaswa kufanya nini, kwa kufuata mtindo wa kujifunza wa kila mdau. Niseme mapema kwamba sikubaliani nayo yote. Mwaka 1992 Neil Fleming na Colleen Mills walieneza mgawanyo wa mitindo hiyo uitwao VARK: wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwapo, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mtu huelewa zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Kwa hiyo tusimwite meneja "mtu wa picha" halafu tukamnyima maandishi.

Hata hivyo wadau hawafanani, na kinachowatofautisha zaidi ni kazi waliyoizoea. Mhasibu ukimpa waraka mnene wa maelezo, ataupitia juu juu na kutia sahihi. Mpe ripoti ya mfano yenye hesabu za mwezi uliopita, na papo hapo atakuonyesha makato uliyoyasahau. Mkurugenzi hana muda wa vyote viwili. Zungumza naye, kisha mwandikie ukurasa mmoja wa mliyokubaliana.

Anayetuponyoka sana ni mtunza stoo. Mketishe kwenye chumba cha mikutano mbele ya bosi wake, umuulize anapokeaje mzigo. Atakutajia utaratibu rasmi: hati ya manunuzi, ukaguzi, leja. Sasa nenda stoo siku lori linaposhusha. Huenda ukaona daftari la pembeni, limeandikwa kwa penseli, la mizigo iliyofika bila karatasi. Hitaji lenyewe ni hilo daftari! Mfumo usioliwekea nafasi utakwepwa, na penseli itaendelea na kazi. Wala mtunza stoo hakukudanganya. Jambo ambalo mtu hulifanya kila siku halimjii kama habari ya kumsimulia mgeni.

Tazameni M-Pesa. Majaribio yalipoanza Kenya mwaka 2005, kampuni za simu za Vodafone na Safaricom zikishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu, hitaji lililokuwa mezani lilikuwa kupokea na kurejesha mikopo midogo kwa simu. Wateja walipoishika huduma mikononi, wakaitumia kwa mambo yao: wakatumiana pesa wao kwa wao, wengine wakalipiana madeni. Nick Hughes na Susie Lonie, waliouongoza mradi huo upande wa Vodafone, waliuzingatia mwenendo huo. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, urejeshaji wa mikopo haukuwa tena kiini chake. Ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Sioni ni dodoso gani lingeleta jibu hilo, kwa sababu wateja wenyewe walilipata wakiwa wanatumia.

Basi msitafute aina ya mtu. Tafuteni namna ambayo hitaji lenyewe linajitokeza. Mtiririko wa kazi uchoreni ubaoni, na kalamu mpeni mdau. Skrini zichoreni kwenye karatasi, abonyeze kwa kidole huku ninyi mmenyamaza. Kanuni za malipo ziandikwe neno kwa neno, maana hapo mchoro hautoshi.

Na kabla mdau hajatia sahihi, mwombeni awaeleze kwa maneno yake mfumo utafanya nini siku mzigo ukifika bila karatasi. Akisitasita, msiipokee sahihi yake siku hiyo. Rudini naye stoo.