Wimbo wa huzuni unapomwingia mtu: jinsi ya kupima

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo tuko kwenye chumba kidogo hapa Ngara, Nairobi, na nitawaonyesha jinsi ya kupima yanayompata mtu anaposikiliza wimbo wa huzuni, mwilini na moyoni. Mwili na moyo havisemi jambo moja kila mara, kwa hiyo tunavipima vyote viwili.

Anza na idhini. Mweleze msikilizaji kwamba wimbo unaweza kumrudishia msiba, na kwamba akiinua mkono tu, unazima. Kama ni utafiti rasmi hapa Kenya, pata kwanza kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Aliyefiwa juzi mimi simketishi kwenye kiti hiki, hata akikubali.

Funga madirisha. Honi moja ya matatu itapandisha mstari wa kipimo cha ngozi kwenye skrini, nawe udhani ni wimbo.

Sasa mikono, na hapa msiharakishe. Tazameni vidole vya dada huyu: ni Julai, amekuja kwa miguu, ncha zimekuwa baridi kabisa. Kidole baridi hakipati damu ya kutosha, ndiyo maana kipima mapigo kinaonyesha namba, kisha vistari, kisha namba tena. Mpe kikombe cha maji moto akishike kwa viganja vyote viwili. Maji matupu, si chai, maana kafeini nayo inagusa mapigo. Mikono ikipata joto, anawe kwa maji tu, ajifute, asipake losheni. Funga elektrodi mbili, yaani vipande vidogo vinavyopima umeme unavyopita kwenye ngozi, kwenye kidole cha shahada na cha kati, mkono asioandikia. Kipima mapigo kikae kidole cha pete, kucha isiwe na rangi nzito. Mkono ulale juu ya mto.

Rekodi dakika 5 za ukimya. Bila hizo huna cha kulinganisha.

Nyimbo ziwe tatu: moja ya huzuni aliyoileta mwenyewe, moja ya huzuni isiyo na maneno asiyoijua, na moja isiyo ya huzuni. Wimbo wake umebeba kumbukumbu. Aliyewahi kusikia nyatiti, kinubi cha Waluo, ikipigwa matangani hasikii nyuzi peke yake. Badilisha mpangilio kwa kila msikilizaji, na katikati ya nyimbo subiri mstari utulie.

Haya, cheza. Ngozi ya vidole inapotoa jasho, hata lisiloonekana kwa macho, hupitisha umeme zaidi, na hicho ndicho kinachopimwa, kwa maikrosimensi, kizio cha upitishaji wa umeme. Mstari hupanda sekunde 1 hadi 3 baada ya jambo lenyewe, kwa hiyo ukiuona umepanda, rudi nyuma kidogo kwenye wimbo. Akikohoa au akishusha pumzi, andika saa papo hapo, kwani hayo pia huupandisha. Angalieni mkono wake sasa, sauti ya pili ilipoingia: vinyweleo vimesimama.

Usiseme, "Ameshikwa na huzuni." Ngozi inasema mwili umeamka. Kama ni huzuni, hofu au raha, haisemi. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alikuta kwamba muziki wa huzuni ndio uliobadilisha zaidi mapigo ya moyo, shinikizo la damu, ngozi na joto la vidole, ukilinganishwa na ule wa hofu na wa furaha. Hata hivyo, ni lazima umuulize mwenyewe.

Muulize maswali mawili, kila moja peke yake. Wimbo unaeleza hisia gani? Na wewe ulihisi nini? Akishajibu, apime nguvu ya hisia hiyo kwa 1 hadi 7. Usimpe neno "huzuni" peke yake: kuna majonzi, upweke, hamu, utulivu. Akitaka kujibu kwa lugha ya mama, mwache. Dada huyu amejibu, "Wimbo una huzuni. Mimi nimeguswa, lakini sina huzuni." Andika hivyo hivyo, usimsahihishe.

Ukimaliza, fungua elektrodi taratibu na umwekee wimbo anaoupenda. Keti naye mpaka mapigo yarudi yalipokuwa mwanzoni, ndipo umsindikize hadi stejini.