Huyu Msimtoe

Ndugu walimu wakuu, wakuu wa shule, na waratibu elimu kata mlioacha pikipiki zenu nje kwenye jua kali hili: shikamooni mlionizidi umri, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa niseme kinachomsukuma kiongozi wa shule amsaidie mtoto anayesuasua. Nitaanza na siku ambayo mimi sikumsaidia.

Mwaka 2014 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja ya kijijini. Shule ilikuwa mkiani wilayani, na kila mtu alijua, kwa sababu orodha ilibandikwa. Mnakumbuka tulikotoka. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitoka zaidi ya nusu ya watahiniwa wakiwa na daraja sifuri, yaani wamefeli, nchi nzima ikashtuka. Mwaka uliofuata ukaja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikaanza kupangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Nikarudi kutoka kikao cha wilaya uso nimeuinamisha. Jumatatu nikawaambia walimu wangu: wale wa darasa la sita wasiojua kusoma wasipande la saba.

Nikamwita baba wa kijana mmoja. Nikamwambia mwanao arudie darasa, ni kwa faida yake. Yule mzee hakubisha. Mwalimu akisema, mzazi wa kijijini anaamini. Kijana akaanza upya darasa la sita na wadogo zake, na kabla ya Pasaka akawa haji tena. Nilikuja kumwona stendi anasukuma mkokoteni. Ufaulu wetu ulipanda, nikapewa cheti, nikakitundika ofisini.

Baadaye nikasoma kazi ya watafiti Cilliers, Mbiti na Zeitlin kuhusu orodha zile. Waligundua kwamba shule zilizokuwa chini kabisa katika wilaya zao ziliongeza ufaulu baada ya kupangwa hadharani. Ni kweli, ziliamka. Lakini waligundua pia kwamba katika shule hizo idadi ya watoto waliokaa kwenye mtihani wa darasa la saba ilipungua. Baadhi ya watoto waliondolewa njiani. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Kijana wangu alikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo msikubali mtu awaambie kwamba kiongozi wa shule hana motisha. Mimi nilikuwa nayo nyingi mno! Nilisukumwa na aibu, na aibu huwa haichagui njia. Ukimpima mkuu wa shule kwa wastani peke yake, mtoto dhaifu anageuka mzigo unaoushusha wastani huo, na njia ya mkato ya kuupandisha ni kumtoa. Tangu mwaka 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Nilifurahi sana. Ila kwenye vikao vyetu vya kata orodha bado tunazo, tunazichapisha wenyewe.

Na fedha je? Posho ya madaraka tunaipata, mwalimu mkuu laki mbili, mkuu wa shule laki mbili na nusu, na sitaki mtu aiguse. Lakini posho hiyo inaingia vilevile, mtoto asome asisome. Kuna jaribio la KiuFunza lililofanywa na shirika la Twaweza kuanzia mwaka 2013 katika shule za msingi 350, darasa la kwanza hadi la tatu. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya fedha za shule, nyingine bonasi kwa walimu, nyingine vyote viwili. Katika bonasi, mwalimu alipata shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu somo lake, na mwalimu mkuu 1,000. Ruzuku peke yake haikuinua kujifunza kwa watoto. Vilipounganishwa ndipo watoto walipojifunza zaidi. Mimi nakipenda kitu kimoja zaidi ya fedha zenyewe: kila mtoto alihesabiwa peke yake. Hakukuwa na wastani wa kuupandisha kwa kumtoa mtu.

Sasa niseme kilichonigeuza mimi. Nilihamishwa, na shule mpya ilikuwa na upungufu wa walimu, nikalazimika kuchukua kipindi cha Kiswahili darasa la pili kila asubuhi. Nilikuwa na miaka mingi sijashika chaki kwa wadogo. Mle kulikuwa na binti mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Daftari lake limejaa vema nyekundu. Siku moja nikamwomba anisomee sentensi aliyokuwa ameinakili ubaoni dakika tano zilizopita. Akanyamaza. Hakujua hata silabi moja. Miaka miwili alikuwa akichora herufi, na sisi tunampa vema.

Nilikaa naye baada ya uji, dakika ishirini kila siku, na wenzake tisa niliowagundua baada yake. Ba, be, bi, bo, bu. Wiki ya nane akasoma "mama anapika wali" bila kusimama, akaniangalia kuona kama nimesikia. Walimu wenzangu, hakuna cheti kilichowahi kunifanya nijisikie vile. Tangu siku hiyo sikuhitaji mtu wa kunisukuma.

Hapo ndipo nilipomhamisha mwalimu wangu hodari kutoka darasa la saba kumpeleka la kwanza. Alinuna muhula mzima, akaona anashushwa cheo. Wazazi wakalalamika. Nilisimama kwa sababu nilikuwa na majina kumi kichwani. Ningekuwa na asilimia tu ningerudi nyuma.

Waratibu, hili ni lenu. Mkifika shuleni, swali la kwanza huwa ni "ufaulu asilimia ngapi?" Naomba mwulize: darasa la pili wangapi hawajajua kusoma, na ni akina nani? Nani ametoka tangu Januari, na yuko wapi leo? Mkimkuta mwalimu mkuu hana majina, msimkaripie. Ingieni naye darasani, kaeni kwenye dawati la nyuma.

Januari iliyopita, siku za uandikishaji, nilimkuta kwenye foleni kijana mrefu amemshika mkono mtoto mdogo. Akaniamkia, nikamjua kwa sauti. Alikuja kumwandikisha mdogo wake darasa la kwanza. Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya wazazi wengine, kwa lile la darasa la sita. Akatazama chini kidogo, kisha akamsogeza yule mtoto kwangu.

"Mwalimu," akasema, "huyu msimtoe."