Amin Mmoja, Filamu Nne: Je, Tanzu Tofauti Zinalinganika?

(Mhadhara uliotolewa Kampala mbele ya wanafunzi wa filamu na walimu wa Kiswahili)

Walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliofika licha ya foleni ya magari ya jioni hii, asanteni sana.

Kuna jibu moja linaloua mijadala ya sinema hapa mjini. Mtu anasema filamu fulani ya ngumi imemgusa kuliko ile drama iliyorudi na tuzo kutoka Ulaya. Mwenzake anamkatiza: hizo huwezi kuzilinganisha, kila moja ina utanzu wake, yaani aina yake. Hapo mazungumzo yamekwisha, watu wanaagiza chai. Nimekuja kulipinga jibu hilo. Linasikika kama la heshima, lakini kazi yake ni kumfunga mtu mdomo, na mara nyingi anayefungwa ni yule aliyependa filamu ya bei rahisi. Aliyependa drama haambiwi kitu.

Nakubali kwamba swali la "ipi bora?" likiachwa peke yake halifiki mbali. Hollywood yenyewe ilitaabika nalo tangu mwanzo. Katika hafla ya kwanza ya Oscar, mwaka 1929, kulikuwa na tuzo mbili za juu. Wings, filamu ya marubani wa Vita Kuu ya Kwanza, ilichukua moja; Sunrise ikapewa nyingine, iliyotengwa kwa filamu ya kipekee na ya kisanaa. Waongozaji nao walitenganishwa, wa vichekesho huku na wa drama kule. Hafla iliyofuata, migawanyo yote miwili ikafutwa. Golden Globe wao wameendelea kutenga drama upande mmoja na vichekesho pamoja na muziki upande mwingine, na ndiyo maana Januari 2016 The Martian, habari za mwanaanga aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mars, ilitangazwa mshindi upande wa vichekesho. Anayeamini kwamba utanzu ni ukuta wa mawe aieleze tuzo hiyo.

Hapa kwetu ukuta huo umetobolewa zamani. Nendeni kwenye kibanda chochote cha video. Kiingilio ni kilekile, benchi ni lilelile, na VJ, yule anayeitafsiri na kuichangamsha filamu kwa sauti yake, ni yuleyule, iwe ni ngumi za Hong Kong au mapenzi ya Kikorea. VJ akitaka, kilio cha kwenye skrini kinageuka kicheko cha ukumbi mzima, na mwongozaji aliye mbali hana la kufanya. Chukueni Who Killed Captain Alex?, aliyoitengeneza Isaac Nabwana kule Wakaliga mwaka 2010. Nakala tuliyo nayo ina sauti ya VJ Emmie juu yake, anachekesha, anatangaza, anashangilia, hata huwezi tena kusema kama unatazama mapigano au vichekesho. Jina lake ni swali la kipelelezi: nani alimuua Kapteni Alex? Filamu inakwisha bila kujibu, na sijaona mtu anayedai arudishiwe kiingilio. Watazamaji walishaelewana na filamu kuhusu kile walichokuja kutafuta. Hayo maelewano ndiyo ninayoita utanzu. Hayakai ndani ya filamu peke yake. Nusu yake iko kwa watu walioketi kwenye benchi.

Sasa, kama utanzu ni maelewano, tunalinganishaje vitu vilivyoelewana na watu tofauti? Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hili mnalijua. Utendi wa Mwana Kupona na mashairi ya Muyaka bin Haji ni tanzu mbili, za mahadhi mbalimbali na makusudi mbalimbali. Bado mwalimu atakuuliza kila mmoja anamsemesha vipi msikilizaji wake, na utajibu, na utajifunza kitu juu ya wote wawili. Huulizi utendi kwa nini si shairi. Unatafuta kazi ambayo wote wawili walilazimika kuifanya, kisha unaangalia kila mmoja aliifanyaje. Kwenye filamu ni vivyo hivyo. Tafuta tatizo lililokuwa mbele ya waongozaji wote, ndipo ulinganishe majibu.

Nimechagua tatizo ambalo Uganda inalifahamu kuliko nchi nyingi: utaionyeshaje hofu ya utawala wa Idi Amin? Tunayo bahati, kama inaweza kuitwa bahati, kwamba mtu huyo ameonyeshwa katika tanzu nyingi. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitoa filamu ya hali halisi ambamo Amin anajiigiza mwenyewe. Mwaka 1981 Sharad Patel akatoa filamu ya kutisha, damu na vichwa vya watu kwenye friji, ambamo Mkenya Joseph Olita alikuwa Amin. Mwaka 1991 Mira Nair akaleta Mississippi Masala, filamu ya mapenzi inayoanzia Kampala mwaka 1972, Waasia walipopewa siku 90 kuondoka. Humo Amin anaonekana kidogo tu, na anayemwigiza ni Olita yuleyule. Mwaka 2006 Kevin Macdonald akatoa The Last King of Scotland, filamu ya taharuki, ambamo Forest Whitaker alimwigiza Amin na kushinda Oscar. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo. Wazee waliomo humu wanajua kwa nini ilibidi. Kwa Waganda wengi wa rika lao, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, na hilo tunaokifundisha leo tunalibeba kila tunapoingia darasani.

Niruhusuni nikae kwenye onyesho moja la Schroeder, kwa sababu ndilo lililonifanya niandae mhadhara huu.

Ni kikao cha baraza la mawaziri. Amin anazungumza, tena anazungumza sana, mara kwa utani, mara kwa karipio. Mawaziri wazima, watu wenye elimu na familia, wameinamisha vichwa na kuandika kila neno kama wanafunzi wanaoandika imla. Hakuna anayepaza sauti. Hakuna bunduki kwenye picha. Kamera inapita kwenye nyuso zao na kwenye kalamu zao. Amin analalamikia kazi ya waziri wa mambo ya nje. Kisha msimulizi anatuambia kwamba wiki mbili baadaye mwili wa waziri huyo, Michael Ondoga, ulikutwa kwenye mto Nile. Onyesho zima linabadilika kwa sentensi moja. Unataka kurudisha picha nyuma umtazame tena alivyokaa, kama alijua. Na wale wengine wanaoandika, unaelewa sasa wanaandika nini: wanaandika ili waonekane wanaandika.

Wekeni kando ya hilo onyesho la basi katika Mississippi Masala. Familia inaondoka Kampala. Askari wanasimamisha basi, wanamshusha mama. Kwa mtazamaji aliyelipia kiingilio aone mapenzi, hili ni onyesho la njiani tu, dakika chache kabla hadithi haijahamia Marekani. Lakini askari wale wana muda. Hawana haraka kabisa. Wanajua hakuna atakayewauliza. Linaloweza kutokea halitokei, na huwezi kulisahau kwa sababu akili yako imeshalimalizia.

Kisha rudini kwenye filamu ya 2006. Karibu na mwisho daktari Mskoti, Garrigan, ananing'inizwa kwa kulabu zilizopenya kifuani. Nimeona watu wakifumba macho hapo. Filamu ya Patel ya 1981 inakwenda mbali zaidi: inamfanya Amin mla watu. Hizi mbili zina fedha tofauti, heshima tofauti na watazamaji tofauti, lakini zimelijibu tatizo kwa namna moja: onyesha tendo, karibu, kwa nuru ya kutosha.

Kwa hiyo tunapata mgawanyo ambao hauko kwenye orodha ya tanzu. Filamu ya hali halisi inakaa pamoja na filamu ya mapenzi, kwa sababu zote zimeliacha tendo nje ya picha. Filamu ya taharuki yenye Oscar inakaa pamoja na filamu ya kutisha ambayo wakosoaji huitajia pembeni. Nisingeliona hili kama ningekubali kwamba tanzu hazilinganishwi. Ningezisifu moja moja, kila moja ndani ya chumba chake.

Na ninayo hukumu. Kulabu zinaumiza macho, kisha zinapita. Unatoka ukumbini ukijua kwamba yale yamempata mtu wa kubuni, kwa kuwa Garrigan ametoka kwenye riwaya, mikononi mwa mtu aliyeonyeshwa kama dubwana. Dubwana halina makarani wala madereva, halina jirani anayepeleka majina kwa maofisa wa usalama wa Nakasero. Hapo ndipo filamu ya Patel inaposhindwa vibaya zaidi: inamfanya Amin kuwa mnyama, na kwa kufanya hivyo inawaachia huru wote waliomsaidia. Kalamu za mawaziri zinasema ukweli mgumu zaidi. Zinaonyesha hofu ikifanya kazi ya ofisi.

Lakini nisimdhulumu Macdonald, maana kuna mahali amefikia ambapo Nair hakufika. Usiku mmoja Garrigan anaitwa haraka: Rais amepewa sumu, anakufa. Anafika, anampima, na kumbe ni gesi tumboni. Watu hucheka, na wana haki ya kucheka. Humo ndani ya kicheko tumemwona mtu anayeogopa kuliko wote anaowatisha, na tumeelewa kwamba yeyote aliyekuwa karibu usiku ule angeweza kulipia gesi hiyo kwa uhai wake. Kwenye filamu ya Schroeder Amin naye anachekesha, anapiga kodiani, anawaelekeza wapiga picha wageuzie kamera wapi. Kicheko chake ni chombo cha kazi. Ukiweka vicheko hivi viwili pamoja, kimoja cha mwigizaji na kimoja cha mwenyewe, unamwelewa Whitaker zaidi: alikuwa ameelewa kwamba utani wa Amin ulikuwa njia ya kumpima mtu. Huo ni ulinganisho wa kuvuka tanzu, na haukumpunguzia yeyote heshima.

Nifike sasa kwenye mpaka, kwa sababu mpaka upo, na haupiti pale watu wanapoudhania. Hauko kati ya ngumi na mapenzi, wala kati ya kicheko na kilio. Uko pale mtu halisi anapokuwa amelipa. Ondoga hakuwa mwigizaji. Ninaposema onyesho la baraza la mawaziri lina nguvu kuliko kulabu, najua nguvu hiyo haikutokana na ustadi wa Schroeder peke yake wala na kamera ya Néstor Almendros, mpiga picha hodari kama alivyokuwa. Imetokana na kifo. Siwezi kuziweka kwenye mizani moja na kutoa alama, kumi kwa hii na saba kwa ile. Fani naweza kuilinganisha: kamera imekaa wapi, sentensi imekuja lini, nini kimeachwa nje. Deni la filamu kwa yule mtu siwezi kulilinganisha na chochote kilichobuniwa, hata kama kimebuniwa vizuri mno.

Amin mwenyewe aliielewa tofauti hiyo. Alipopata habari za yaliyomo kwenye filamu ya Schroeder na kutaka vipande fulani vikatwe, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda na kuwafanya rehani mpaka mwongozaji akubali. Vipande vikakatwa, vikarudishwa baadaye. Wanafunzi mnaotaka kutengeneza filamu za hali halisi mlifikirie sana jambo hili kabla hamjachukua kamera, maana watakaolipia picha yenu huenda hata hawamo kwenye picha.

Mtaniuliza: ukiwa kwenye jopo la majaji na tuzo ni moja, utafanyaje? Majaji wa Uganda wako kwenye shida hiyo mara kwa mara, na hawaruhusiwi kujibu kwamba tanzu hazilinganishwi. Mimi ningewaomba kwanza waliandike swali lao ukutani: tunatuza nini? Kama ni namna ya kuonyesha hofu, kati ya hizi nne kura yangu naipa Mississippi Masala. Filamu ya Schroeder naitoa kwenye shindano kwa sababu niliyoitaja, na si kwamba imeshindwa. Nair hakuwa na kifo halisi cha kumsaidia, wala kulabu, wala mwigizaji wa Oscar kwenye nafasi ya Amin. Alikuwa na basi, askari, na mama aliyeshushwa. Kisha akafanya jambo ambalo hizo nyingine hazikulifanya: akaifuata hofu ile miaka mingi baadaye, ng'ambo, ndani ya baba anayeishi Mississippi na kuendelea kuandikia Kampala juu ya mali yake, asiyeweza kumwona kijana mweusi anayempenda binti yake bila kuiona Kampala ya 1972. Hofu ya Amin imevuka bahari na kuingia kwenye mapenzi ya watoto ambao yeye hakuwajua. Filamu ya taharuki inakwisha ndege inapopaa Entebbe. Ya mapenzi ndiyo ilikuwa na nafasi ya kuuliza hofu ikishatua inaishi wapi.

Najua wapo humu wataipigania The Last King of Scotland, na mmoja ameshanyoosha mkono tangu nilipotaja kulabu. Nataka sana kumsikia. Ninaomba tu anijibu kwa onyesho, anionyeshe lipi na linafanya nini, asinijibu kwa jina la utanzu. Maikrofoni iko upande ule.